Glavu ya Pole

Revelino Vrede alishinda pambano la ngumi na mateke, na tangu ashinde hakuwa na raha ya kutoka nje. Akienda kununua mkate kwa Mchina wa kona pale mtaani Latour, hakosi mtu wa kumpiga bega na kumwita bingwa, naye hujibu asante huku akitazama mikate. Wengine hawakumpiga bega. Walimtazama tu, wakaendelea na habari zao, na hao ndio aliowaogopa.

Tuseme ukweli: Revelino hakuwahi kuwa mpigaji. Ngumi zake za kawaida, mateke yake ya kawaida. Alichojaliwa ni kutopigwa. Anko Hesdy, kocha mwenye banda la mabati nyuma ya karakana ya matairi, alimtambua mapema. "Wewe kijana huna nyundo," alimwambia, "kwa hiyo nitakufundisha kuwanyima wenzako zao." Akamfundisha kubana mkono: mpinzani akitoa glavu, unaiwekea kiganja juu na kuisukuma chini kabla haijawa ngumi. Akamfundisha na kuweka mwega: kigasha chako unakisimamisha kwenye mtulinga wa mwenzako, akitaka kuingia anajikuta anasukumana na mfupa, na teke lake linakosa pa kupitia. Ni kazi isiyo na makofi. Watu walionunua tiketi huiita kushikana-shikana.

Kazi hiyo huwezi kujifunza peke yako. Inataka mtu wa kukupa mkono wake, jioni baada ya jioni, uubane, uukose, akupe tena bila kununa. Mtu huyo alikuwa Sarmo Kartowidjojo wa mtaa wa Blauwgrond, mwembamba, mcheshi, mwenye teke la paja linalochoma kama pilipili. Walikuwa pamoja bandani tangu wote wawili hawajaota ndevu. Ule mkono wa Revelino uliosifiwa mjini, nusu yake ulikuwa kazi ya Sarmo.

Bandani kwa Anko Hesdy kuna desturi moja. Mkiwa mazoezini ukampiga mwenzako kuliko ilivyotakiwa, au mahali pasipotakiwa, hamsimami na hamsemi kitu, maana mdomoni kuna kinga ya meno. Unanyoosha glavu ya kushoto. Mwenzako anaigusa na yake. Mnaendelea. Hiyo ndiyo glavu ya pole, na asiyeigusa Anko humfungashia virago siku hiyohiyo. Desturi yenyewe imewaingia watu hadi kwenye mifupa. Chermaine, mpiganaji mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko mateke yake, alimkanyaga mama mmoja sokoni akajikuta amemnyooshea ngumi, na yule mama akakimbia ameacha mihogo yake.

Ulingoni hakuna hiyo. Refa huwaambia kabla ya kengele: jilinde wakati wote. Kila mtu wa bandani anajua.

Pambano lenyewe halikupaswa kuwapo. Revelino alikuwa amepangwa na mtu wa Cayenne, mji wa nchi jirani, na mshindi angekwenda kupigana Rotterdam, ng'ambo ya bahari, mbele ya watu wanaotoa mikataba. Yule wa Cayenne akaugua, mwandaaji akahangaika kutafuta mtu wa uzito uleule, akamkuta Sarmo. Anko Hesdy alifoka hadi kofia ikamtoka.

"Nyinyi mmelelewa banda moja! Mtapigana nini nyinyi?"

"Anko, tulia," Sarmo alisema. "Mmoja wetu ataenda. Si afadhali kuliko kukosa wote?"

Anko hakutulia. Siku ya pambano alikataa kusimama kwenye kona ya yeyote. Alipanda hadi viti vya juu kabisa, akavuta kofia usoni, akakaa kama aliyeletwa msibani kwa nguvu.

Raundi mbili za kwanza Sarmo alimchana Revelino mapaja. Angefanyaje? Kila mwega wa Revelino alikuwa ameuonja mara ngapi sijui. Mkono ukija kumbana, alikwisha kuuondoa wake. Revelino akabaki kusukumana na kushikilia, na ukumbi ukaanza kumzomea. "We Revelino, umekuja kupigana au kucheza dansi? Mwachie mwenzio apumue!" Alizisikia sauti zote. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na hakuna mtu angemwita tena Rotterdam.

Raundi ya tatu, ya mwisho, Sarmo alirusha teke la ndani ya paja, likapanda juu zaidi, likamgonga Revelino pale ambapo mwanamume hapendi kugongwa. Halikuwa kali, kinga ilikuwapo. Refa alikuwa nyuma yao, hakuona. Sarmo aliona. Papo hapo uso wake ukawa ule wa bandani, mabega yakashuka, na glavu ya kushoto ikanyooka mbele, taratibu, imefunguka.

Wanaodhani ulingoni hakuna nafasi ya kufikiri hawajawahi kupanda. Nafasi ipo. Revelino aliiona glavu ikija akajua ni ya nini, akajua na cha kuifanya. Akaibana. Akaisukuma chini kwa mkono wa kushoto, akapitisha wa kulia juu yake kwa uzito wote aliokuwa nao, na safari hii ngumi yake haikuwa ya kawaida hata kidogo. Sarmo alianguka mkono wake wa kushoto ungali umenyooka.

Ukumbi uliruka. Revelino aliinuliwa mabegani, akatabasamu kwa sababu kulikuwa na kamera. Alipotazama viti vya juu, kiti cha Anko kilikuwa kitupu.

Basi mji ukagawanyika. Simu zote zilizorekodi zilikuwa upande wa mgongo wa Revelino, kwa hiyo kila mtu alikuwa na video na hakuna aliyekuwa na uso wake. Wengine walisema ni uhuni mtupu. Wengine wakasema ulingoni jilinde, habari imekwisha. Na wale wenye huruma walisema maskini ya Mungu, mkono umefundishwa hivyo, ukiona glavu unabana, mwenyewe hana habari. Revelino aliwasikia hao wa tatu akajificha nyuma yao. Hakuwahi kusema ni hivyo. Alinyamaza tu, wakaona ni hivyo. Usiku alijifunika shuka hadi kichwani, kwa jinsi alivyokuwa akiuonea haya uso wake mwenyewe.

Sarmo aliporudi kutoka hospitali, Revelino alipanda baiskeli hadi Blauwgrond kumwona. Njia nzima alikuwa akiyafanyia mazoezi maneno: niliiona, nilijua, nisamehe. Aliyarudia hadi yakawa mepesi mdomoni. Alimkuta Sarmo ameketi nyuma ya kibanda cha chakula cha mkewe, Sarinten, amevaa miwani ya jua kivulini.

"Karibu, shemeji," Sarinten alisema, akamwekea bakuli la supu ya saoto, yai juu yake, bila kumtazama. "Kula itapoa." Alisema vile anavyowaambia wateja wapita njia.

"Usimjali huyo," Sarmo alicheka mkewe alipoondoka. "Mwanamke akikulilia hospitali anataka mtu wa kumlaumu. Mimi hata sikumbuki. Nakumbuka tulivyopima uzito, nakumbuka ulivyonikonyeza mlangoni. Baada ya hapo naamka, kichwa kinagonga, wananiuliza leo siku gani."

"Sarmo," Revelino alianza.

"Ngoja kwanza. Najua wanavyokusema bandani. Nimewaambia wakome. Nimewaambia, ule mkono naujua mimi kuliko nyinyi wote, mimi ndiye niliyekuwa naulisha. Ukiona glavu unabana. Hauulizi ni glavu ya nini. Si ndiyo?"

Alivua miwani akamtazama. Macho yalikuwa na wekundu bado. Hakuwa akiuliza kwa kubishana, alikuwa akiomba. Na Revelino, aliyetoka nyumbani na maneno matatu safi, akaona jinsi mtu huyu alivyotaka kujibiwa.

"Ndiyo," akasema. "Mkono tu. Nilishtukia umeshaanguka."

Sarmo alishusha pumzi ndefu, akampiga kofi gotini. "Hapo sasa! Unajua nilikuwa silali? Si kichwa, bwana. Nilikuwa nawaza, je kama ni vingine? Kama ni vingine, mimi miaka yote hii nilikuwa nampa nani mkono?" Akacheka tena, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Jumamosi njoo bandani. Tutawaonyesha."

"Tuwaonyeshe nini?"

"Mkono! Tucheze taratibu, nitoe glavu ya pole ghafla, waone unavyobana wenyewe. Watafunga midomo."

Revelino aliinamia supu akala yote, hata pilipili asiyoiweza, kwa sababu hakuthubutu kuinua uso. Aliona aibu ikimpanda toka kifuani hadi masikioni, na alipoaga alimwita Sarinten shemeji kwa sauti ya chini sana hata hakusikika.

Jumamosi banda lilijaa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mabati yakidondosha maji. Chermaine alikuwa wa kwanza kumwona.

"Jamani, bingwa huyo! Ficheni mikono yenu mifukoni!"

Wakacheka. Revelino naye akajaribu kucheka, ikashindikana. Anko Hesdy alikuwa amesimama kando ya ulingo, na hili ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu pambano: "Hakuna kugusa kichwa. Ukimgusa kichwa, mimi nitakugusa wewe."

"Sikilizeni," Sarmo aliwaambia, ameshika kamba. "Sitamwambia lini. Nikimwambia si ushahidi. Tazameni mkono tu."

Wakaanza. Polepole, ngumi za hewa, mateke ya kugusa. Revelino hakuwa akicheza; alikuwa akijihimiza kimoyomoyo: ubane, ukija ubane, ubane. Mtu mzima, baba wa mtoto, anajifundisha uongo mbele ya watu waliomlea. Aliweka mwega, Sarmo akauzunguka. Sarmo akatoa ngumi, akaibana vizuri. Ubane, ubane. Kisha mguu wa Sarmo ukamgonga pajani juu, kwa nguvu kidogo, na glavu ya kushoto ikanyooka.

Mkono wa Revelino ukatoka wenyewe, bila kumuuliza, ukaigusa. Pap. Laini. Kama siku zote.

Glavu mbili zilikuwa zimekutana pale katikati na kila mtu bandani alikuwa akizitazama. Revelino alihisi damu yote ya mwili imemhamia usoni.

"Hakuwa tayari," Sarmo alisema haraka. Tabasamu lilikuwa bado limembandika mdomoni. "Mazoezi ni mazoezi, mkono umejua ni mazoezi. Tena."

"Inatosha," Anko Hesdy alisema.

"Anko, tena! Mara moja tu." Akamgeukia Revelino, akasogea karibu, sauti ikashuka. "Kaza, ndugu yangu. Kaza kama siku ile."

Wakaanza tena. Safari hii Sarmo alikwenda kasi, na Revelino alikuwa amelowa jasho kuliko raundi yoyote aliyowahi kupigana. Angeweza kusimama akasema. Mlango ulikuwa wazi tangu supu ile. Lakini alimwona Sarmo anavyohema kwa matumaini, akasema moyoni kwamba atampa anachokitaka, basi, kisha yaishe. Teke likaja. Glavu ikanyooka.

Aliibana. Safi kabisa: kiganja juu, chini, mkono wa kulia ukapita juu ukasimama kwenye shavu la Sarmo bila kuligusa. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi.

"Haya, si kabana?" Chermaine alisema. "Kabana!"

Sarmo hakugeuka. Alikuwa amesimama vilevile, mkono wake wa kushoto umebanwa, ngumi ya rafiki yake karibu na shavu. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Umetazama kidevu changu kwanza," alisema.

"Nini?"

"Macho yako. Yameshuka kwenye glavu, yakapanda kwenye kidevu. Ukafikiri. Ndipo mkono ukaja." Aliyasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, na kila neno lililofuata lilikuwa chini kuliko la kwanza. "Siku ile pia. Nimekumbuka, Revelino. Siku ile pia ulitazama."

Revelino alifungua mdomo, na kinga ya meno ikamzuia. Alikuwa bado ameibana glavu ya Sarmo, na hakujua aiachieje.