Bunduki Isiyo na Upande

Edson aliipenda bunduki ile kabla hata hajaishika. Ilikuwa imelazwa juu ya kaunta ya kioo katika duka la mzee Lindquist, mashariki mwa Saint Paul, mtutu wake mweusi tii, mti wake unang'aa kama meza ya wageni, na juu yake darubini ambayo peke yake ilikuwa na bei ya kochi. Aliiinua, akaigeuza, akashusha pumzi. Mkewe Tulia alikuwa nyuma yake, koti zito mkononi. Hakuja kwa mapenzi ya bunduki. Alikuja kwa sababu alijua mumewe akiachwa dukani na Duncan, mmoja atanunua kwa furaha na mwingine atampigia makofi.

"Buda, hii ni moto," alisema Duncan. Huyu alikuwa Mkenya wa Brooklyn Center, muuguzi katika hospitali alikofanya kazi Tulia, na alikuwa ameoa binti wa hukohuko Minnesota ambaye baba yake ana kibanda cha kuwindia kule kaskazini. "But bei pia ni moto. Mimi yangu nili-buy used, na kila mwaka tunakula."

"Mimi nataka isiyokosea," alisema Edson.

Alilisema neno hilo kwa uzito, na wenzake wote wawili walijua lilikotoka. Novemba iliyopita, mwaka wa tisini na tano, Duncan alimpeleka kuwinda kwa mara ya kwanza, na bunduki ya kuazima. Paa akatokea. Ndivyo Watanzania wa huku walivyoamua kumwita mnyama yule kwa kukosa jina lingine, ingawa kwa ukubwa anawapita paa wote wa nyumbani. Alisimama ubavu, karibu kabisa, kichwa kikielekea kulia. Edson alilenga bega, akafyatua, risasi ikaenda kuvunja mguu wa nyuma. Mnyama alikimbia kwa mitatu iliyobaki. Walifuata damu kwenye theluji hadi kwenye kinamasi, pale damu ikapotea na giza likaingia.

Edson hakula chochote siku ile. Kuua mnyama kwa ajili ya nyama hakukumsumbua, amekulia kwenye nyumba zinazochinja. Lakini kumvunja mguu kisha kumwacha akafie matopeni, bila hata kuliwa, kulimkaa rohoni mwaka mzima. Aliporudi nyumbani Oakdale alimwambia Tulia kwamba msimu ujao itakuwa risasi moja na mnyama papo hapo, ama bunduki hatashika tena maisha yake. Na kwa kuwa ni mhandisi, mtu wa mabomba ya maji na vipimo, alikwisha kuamua kwamba dawa ya tatizo ni chombo bora zaidi.

Mzee Lindquist alivuta komeo la bunduki, kile chuma cha kupakia kilicho ubavuni kulia, akahakikisha haina risasi, akamrudishia. "Lenga ile saa ukutani," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole.

Edson aliiweka begani, macho yote mawili wazi kama Duncan alivyomfundisha. Alipendeza, lazima isemwe. Duncan alitikisa kichwa kwa kuridhika. Lindquist aliguna tu, na Tulia akakohoa kidogo.

"Baba Keziah," alisema, "hebu fumba jicho la kushoto."

"La nini?"

"We fumba tu."

Edson akafumba. Yakafumba yote mawili. Akajaribu tena, uso mzima ukakunjamana kama mtu aliyeng'ata limau, na jicho la kushoto likabaki kodo. Duncan alicheka mpaka akashika kaunta.

"Huwezi," alisema Tulia, bila kucheka. "Hujawahi kuweza. Uliponikonyeza kwenye kwaya kule Iringa ulikuwa unakonyeza la kulia tu, nikadhani umeingiwa na mdudu. Na mlango ukigongwa nyumbani, kwenye kile kitundu unachungulia na la kushoto. Kila siku nakuona unavyopindisha shingo ulifikishe."

Edson alimtazama mkewe kwa mdomo wazi. Yeye aliyejua kipenyo cha kila bomba chini ya barabara za Woodbury hakujua anawatazama wageni wake kwa jicho gani. Mwanamke huyu alijua, na alikuwa amelihifadhi jambo hilo miaka yote pamoja na mengine yake mengi, bila makuu, mpaka lilipohitajika. Alimpenda upya palepale, katikati ya bunduki za watu.

Duncan alimtafsiria Lindquist. Mzee akaacha kuguna. Alimwambia Edson anyooshe mikono, aache kitundu kidogo katikati ya viganja, aitazame saa kupitia humo, kisha asogeze viganja taratibu hadi usoni bila kuiachia saa. Viganja vikaja vyenyewe, moja kwa moja, hadi jicho la kushoto.

"Basi ndiyo hiyo," alisema mzee. "Unafyatulia kulia, lakini linalolenga ni jicho la kushoto. Risasi zako zinakwenda kushoto, sivyo?"

Zilikwenda kushoto. Edson alikuwa amesema bunduki ya watu imepinda.

"Darubini itakufichia tatizo, haitaliondoa. Paa akitoka ghafla, jicho litafanya linachotaka. Hamia bega la kushoto."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mkono wa kushoto wa Edson uligoma kabisa. Alipokuwa mdogo kule Njombe, bibi yake aliufunga kiunoni kwa kipande cha kanga mpaka mtoto akajifunza kula, kuandika, kusalimia na kupokea kwa wa kulia, na alijifunza barabara. Hata leo, akipewa risiti dukani na mkono wa kulia una funguo, huziweka funguo chini kwanza. Sasa alisimama na bunduki mikononi kama mtu aliyeambiwa ale ugali kwa kushoto mbele ya wakwe, na aibu ikampanda shingoni.

Tulia alisogea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi alikuwa anakufundisha adabu kwa watu. Paa hasalimiwi."

Edson alicheka, na alipocheka mkono ukalegea. Akaiweka bunduki bega la kushoto. Saa ya ukutani ikaja yenyewe, imetulia, kana kwamba ilikuwa inamngojea.

Ikabaki bei. Bunduki yenye komeo upande wa kushoto ilikuwa moja tu dukani, na ilikuwa ghali kuliko ile inayong'aa. Edson alikuwa ameanza kunywea pale Lindquist alipoingia chumba cha nyuma, akarudi na bunduki kuukuu, fupi, mti umechunika, mtu wa zamani amechonga herufi mbili kwenye kitako. Haikuwa na komeo. Chini ya kifyatulio ilikuwa na mkono wa chuma; unaushusha, unaupandisha, risasi imeingia.

"Hii haijali kushoto wala kulia," alisema mzee. "Haina darubini na haifiki mbali, lakini kule msituni hutaona mbali hata hivyo. Babu wa mtu amekula nayo miaka arobaini."

"Hiyo chukua, buda," alisema Duncan. "Ukibaki na change, ni-buyie risasi."

Edson aliitazama mara ya mwisho ile ya kung'aa, kama mtu anavyomtazama mchumba aliyemkataa. Kisha akailipia ile kuukuu.

Wiki tatu alikwenda uwanja wa shabaha kila Jumamosi. Mwanzoni kidole cha kushoto kilivuta kifyatulio kama kinavuta kamba ya kisima. Mwishoni matundu kwenye karatasi yalikaa pamoja, yote yangefunikwa na kisahani cha chai, na yalikaa katikati.

Asubuhi ya kwanza ya msimu ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Edson alikaa chini ya misonobari, fulana ya rangi ya chungwa juu ya makoti mawili. Paa dume alitoka bila sauti, akasimama ubavu, mvuke ukimtoka puani, mzuri kiasi kwamba Edson alisahau kidogo alichofuata. Kisha mkono wa kushoto ukakumbuka.

Jumapili jioni aligonga mlango wa nyumbani, funguo ziko mfukoni. Kitundu kikafanya giza, mtu anachungulia. Tulia akafungua.

"Risasi moja," alisema Edson. "Aliangukia pale aliposimama. Hakuteseka, Mama Keziah. Hakuteseka hata kidogo."

Alikuwa na mfuko wenye ini, sehemu ya kwanza ya kuletwa nyumbani. Mkono wa kulia ulikuwa mtupu. Alimnyooshea mkewe kwa wa kushoto, mkono ambao tangu siku za kile kipande cha kanga ulikuwa haujawahi kumpa mtu kitu.

Tulia aliutazama ule mkono. Akapiga goti kidogo, kama wanavyofundishwa kwao kupokea kitu cha heshima, akanyoosha mikono yake yote miwili, akapokea.