Sura ya Arobaini ya Anti Celestine

Mkono wa kushoto wa Obura ulikuwa ndani ya ng'ombe hadi karibu na bega wakati Jeruto alipomwambia, kwa sauti ile ile aliyomwonyeshea maji ya kunawa, kwamba amefunga sanduku na kesho anarudi kwa mama yake Olenguruone.

"Kesho?" Obura aliuliza, shavu limebanwa kwenye paja la ng'ombe. Kazi yake haimwachii mtu nafasi ya kushtuka vizuri.

"Inategemea," Jeruto alisema. "Leo saa kumi Anti Celestine anatoa sura ya arobaini ya hadithi yake. Nakhumicha akimwacha Levis, na mimi naenda. Akimsamehe, nitafungua sanduku nivumilie."

Hapo ndipo shughuli ilipoanza, kwa sababu Anti Celestine alikuwa Obura mwenyewe.

Naam, yeye. Mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, mjukuu wa fundi wa reli wa Nakuru, mwenye masharubu na pikipiki, anayezunguka mashamba ya Njoro na mtungi wa mbegu akipandisha ng'ombe, ndiye aliyekuwa akiwaliza wanawake mia nne kwenye grupu la WhatsApp kila Ijumaa. Usicheke. Mtu ambaye mkono wake uko ndani ya ng'ombe ni msikilizaji kuliko pasta. Haondoki, hakatizi, wala hakutazami usoni. Wanawake wa Njoro walikuwa wamemwaga mioyo yao mgongoni mwa Obura kwa miaka ishirini, naye alichukua mume wa shamba hili, mama mkwe wa shamba lile, akachanganya, akapika. Hakuna msomaji aliyewahi kujitambua. Kila mmoja alimtambua jirani yake.

"Kipkemoi amekukosea nini?" aliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kusikia nusu ya habari katika mashamba mawili ya jirani.

"Wiki tatu sasa. Wageni walikuja, nikawapa mursik. Yeye akakunywa, akapangusa mdomo, akasema ya Cheptanui ni tamu kuliko hii." Cheptanui ni mke wa kaka yake Kipkemoi, na huko kwao mwanamke hupimwa kwa mursik yake, maziwa yanayogandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa majivu. "Mbele ya wageni, Daktari. Kila mtu akaangalia ndani ya kikombe yake."

"Na hajasema pole?"

"Kipkemoi? Baba yake alikufa bila kusema hiyo neno. Kwa boma yao haijulikani."

Obura aliutoa mkono, akavua glavu. Ng'ombe alikuwa ameanza joto alfajiri, na anayeanza alfajiri hupandishwa jioni. Akasema atarudi saa kumi na moja, akawasha pikipiki akiwa na moyo mzito.

Sura ya arobaini ilikuwa tayari tangu Jumanne. Ndani yake Nakhumicha anamwacha Levis, mwongo mkubwa aliyekuwa na mwanamke mwingine pale malori yanapolala Mai Mahiu. Ulikuwa ukurasa bora kuliko zote alizowahi kuandika. Lakini Jumanne hakujua kwamba kuna sanduku la kweli linaungojea.

Alisimama kando ya shamba la ngano, akakalia jiwe, akatoa simu. Kwanza alijaribu kumwokoa Levis. Akampeleka kwenye mkutano wa injili, akamwangusha, akamwinua amebadilika. Aliposoma aliona haya, akafuta. Halafu akamuua chini ya lori. Lakini mume aliyekufa hasamehewi wala haachwi, na Jeruto angebaki na sanduku lake katikati ya nyumba. Mwisho akaandika kwamba Nakhumicha alisamehe tu. Sentensi ikakaa pale kama ugali wa jana. Sura thelathini na tisa za uongo wa Levis, halafu asamehewe hivi hivi? Mama Zeddy angemrarua.

Mama Zeddy alikuwa msomaji mkali kupita wote kwenye grupu. Hakuwahi kupongeza. "Anti, huyu Levis afungiwe zizi moja na nguruwe," aliandika mwezi uliopita, na wanawake sitini wakaitikia amina.

Trekta lilikuja likikohoa, likasimama. Aliyeshuka alikuwa Kipkemoi, mrefu, kofia usoni. Alizunguka pikipiki ya Obura mara mbili akiikagua kama anayetaka kuinunua, na haikuwa inauzwa.

"Daktari, wewe unatembea sana," alisema hatimaye. "Unajua mtu anaitwa Anti Celestine?"

Obura alikohoa. "Nimesikia akitajwa."

"Nataka umpelekee maneno. Leo aandike vile Levis anaomba msamaha. Aandike yote, pole pole, neno kwa neno. Nakhumicha akienda, aende, lakini mimi nataka nione vile inafanywa."

"Vile nini inafanywa?"

"Kuomba." Kipkemoi alitazama ngano. "Kila siku naingia jikoni na maneno, nikifika mlangoni imeisha. Jana nilimwambia paa inavuja. Na haivuji."

"Na hadithi za wanawake umezijulia wapi?"

Mtu mzima aliinamisha kichwa. "Niko kwa grupu. Tangu mwaka juzi. Niliingia na laini ya pili." Akaishusha kofia zaidi. "Mimi ndio Mama Zeddy."

Obura alimtazama. Miaka miwili alikuwa amebishana na Mama Zeddy, akamwogopa, na Krismasi iliyopita alimtumia salamu za pekee na picha ya maua. Alitaka kucheka mpaka mbavu zikamuuma, lakini uso wa Kipkemoi ulikuwa wa mtu aliyezidiwa, basi akasema tu, "Nitampelekea."

Trekta lilipoondoka, Obura alikaa na simu mkononi bila kuandika. Alikuwa akimfikiria Adongo, mkewe, aliyefariki miaka sita iliyopita. Katika ndoa yao yote alimwomba msamaha mara moja, hospitalini, na Adongo alikuwa amelala. Alikuwa amesema vizuri siku hiyo, mambo yote, moja baada ya jingine, na hakuna aliyeyasikia isipokuwa muuguzi aliyekuja kubadilisha shuka. Ilimuuma mpaka leo.

Akayachukua maneno yale yale, akayatia kinywani mwa Levis. Yalimtoka bila kufuta hata moja. Lakini alipofika mwisho, Nakhumicha alikataa kubaki. Obura alijaribu kumgeuza mara mbili, akamwita, akambembeleza, na mwanamke akaenda zake. Saa kumi kamili aliituma sura ilivyo, akihisi amevunja nyumba ya watu kwa kidole gumba.

Saa kumi na moja alikuwa bomani. Jeruto alimwingiza ng'ombe kwenye kibanio cha mbao, naye akavaa glavu, akaupitisha mkono, akashika mrija wa mbegu kwa mkono wa pili. Katika boma lile mtandao hushika hapo kibanioni tu. Simu ya Jeruto ikalia. Akaegemea mbao, akasoma, midomo ikicheza.

Kipkemoi akatokea nyuma ya ghala. Alikuwa amenawa uso. Akavua kofia, akayaelekeza macho kwenye pembe za ng'ombe, akaanza.

"Jeruto, sina la kujitetea. Nilikuona umenyamaza nikadhani umeridhika. Nilikula ulichopika nikasahau kuna mtu amepika. Ulipougua niliuliza kama chai iko tayari." Alikuwa akienda kama mtoto anayesoma shairi mbele ya wazazi, na alikuwa hawezi kujizuia. "Na yule mwanamke wa Mai Mahiu, sitamwona tena."

Hata ng'ombe alitulia.

"Mwanamke gani wa Mai Mahiu?" Jeruto aliuliza, ingawa sentensi hiyo hiyo ilikuwa mkononi mwake.

"Huyo si wangu. Ni wa Levis."

"Najua ni wa Levis. Wewe maneno ya Levis umetoa wapi?"

Kipkemoi aliigeuza kofia. "Mimi ndio Mama Zeddy."

Jeruto aliishusha simu. "Mama Zeddy alisema mwanaume kama huyo afungiwe na nguruwe."

"Nilimaanisha."

"Sasa malizia."

"Imeisha. Levis aliishia hapo."

"Na wewe?"

Kipkemoi aliacha kutazama pembe, akamtazama yeye. "Ile mursik ya Cheptanui ilikuwa na majivu mingi," alisema. "Wageni walikuwa wamenyamaza, nikatafuta kitu ya kusema. Yako nimeizoea mpaka nikaacha kuionja. Hiyo ndio makosa yangu." Halafu, chini kabisa, "Pole."

Jeruto aliinua simu. "Nakhumicha ameenda. Hata baada ya hayo yote."

"Nimesoma," alisema Kipkemoi.

Jeruto alisema kitu kwa Kikipsigis. Kipkemoi akajibu kwa Kikipsigis. Sauti zikashuka, na wakaanza kutembea kuelekea ua wa chini, yeye mbele, mume nyuma. Obura alitega sikio, akanyoosha shingo kadiri mkono ulivyomruhusu. Kikipsigis chake kilikuwa cha ng'ombe tu: simama, geuka, tulia. Simu yake ilikuwa ikitetemeka mfukoni bila kukoma, wanawake mia nne wanamlaani Anti Celestine au wanamsifu, naye hakuwa na mkono wa kuitoa.

Kule uani Jeruto alikuwa akiongea peke yake, kwa muda mrefu, kidole kikipanda na kushuka. Kipkemoi alisimama kichwa wazi. Kisha, bila kukatiza maneno, Jeruto akaichukua ile kofia kutoka mkononi mwake, akaigeuza, akaanza kuitoa makapi ya ngano, moja moja, huku akiendelea kumgombeza.