Swichi ya Lazar

Trifon, shemeji yangu, amefundisha jiografia miaka thelathini na nane na hajawahi kwenda mahali bila kupotea. Huyo ndiye aliyejitwika kazi ya kulifufua gari la marehemu mume wangu. Alilianzisha jambo lenyewe siku ya arobaini ya Lazar, ngano ya kuchemsha ya kumbukumbu ingali mezani na pombe ya rakia imeshampanda kichwani.

"Shemeji Stamena," akasema, "lile Moskvich linaoza gerejini. Na usisahau, baba aliuza shamba la plamu ndipo Lazar akalinunua. Kwa hiyo lina jasho langu pia."

"Jasho gani? Wewe hata ukinywa supu ya moto hutoki jasho."

Ndugu wakacheka, yeye akavimba. Tukakubaliana mbele yao wote: akiliwasha kufikia Sikukuu ya Mtakatifu Georgi, mwanzoni mwa mwezi wa tano, alichukue, aende nalo kwake Ruse. Akishindwa, libaki kwangu na asilitaje tena mpaka nizikwe. Nilimpa mkono haraka haraka, kwa sababu kulikuwa na kitu nilichokijua mimi asichokijua yeye.

Enzi zile, kila mwenye gari hapa Asenovgrad alikuwa na swichi yake ya siri. Mtu alingoja gari miaka kumi na miwili kwenye orodha. Hakuwa tayari kuamka akute mwizi kaondoka nalo. Lazar alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha tumbaku, na ya kwake aliificha kuliko wote. Iko ndani ya dashibodi, upande wa abiria, nyuma ya kitambaa kizito, mahali ambapo mkono lazima ujipinde mara mbili ndipo ufike. Waya wake aliuzungushia utepe uleule wa kiwandani, usiutofautishe na nyingine. Bila swichi hiyo injini inazunguka, inakohoa, haiwaki.

"Nimeiweka upande wako makusudi," aliniambia, ndoa yetu ikiwa na wiki mbili. "Gari hili haliendi bila wewe."

Hata mama yake hakuambiwa. Miaka thelathini na moja nimeingia kwenye gari lile, nimepenyeza mkono, tki, ndipo Lazar akageuza ufunguo. Hakuwa mtu wa maua wala wa maneno laini. Sentensi ile moja ndiyo maneno laini niliyopata maishani, na sikuwa na nia ya kumgawia Trifon.

Alifika mwezi wa kumi na masanduku mawili ya vitabu na jozi sita za glavu nyeupe. Glavu nyeupe, kwa ajili ya grisi! Nikampa chumba cha juu. Siku ya kwanza tu akataka nitoe pipa langu la kabichi ya kuchachusha gerejini, eti siki inaharibu hewa ya kazi.

"Pipa limekaa hapo kabla hilo gari halijazaliwa," nikamwambia. "Hewa ikikusumbua, pumulia nje."

Neno lake lilikuwa moja, uasili. Mkaguzi wa chama cha magari ya kale angekuja kutoa alama, na kila kisicho cha kiwandani kingepunguza alama. Kwa hiyo Trifon alizipanga nati kwenye vikopo vya mtindi, kila kikopo na karatasi yake, kama anaita majina darasani. Kisha akarudi nyuma hatua tatu kuitazama kazi yake, akavipiga kumbo vyote kwa matako. Wiki nzima alikuwa sakafuni akiokota na kuuliza nati, "Wewe ni wa wapi?" Mlango mmoja aliupiga msasa miezi miwili. Kirungu cha gia, kile cha plastiki angavu chenye ua waridi ndani, ambacho Lazar alitengenezewa na rafiki yake jeshini, alikitupa kwenye taka kwa vidole viwili kana kwamba ni panya.

"Si cha asili, shemeji."

"Hata wewe si wa asili. Meno yote ya dukani."

Nilikiokota, nikakiosha, nikakitia kwenye mfuko wa aproni. Tangu siku hiyo sikumwonea huruma hata chembe.

Shahidi wangu wa vituko hivi alikuwa Zlatina, jirani wa ng'ambo ya barabara, anayeshona magauni ya harusi na ambaye mwenyewe mume alimkimbia zamani. Kila alasiri alikuja na kushona kwake, mimi nikachemsha kahawa, tukakaa kwenye benchi la getini tukitazama miguu ya Trifon ikitokeza chini ya gari. Nilimwigiza Trifon akisoma kitabu huku ameshika spana kichwa chini, Zlatina akacheka mpaka akajichoma sindano.

Mwezi wa nne gari likawa tayari. Nakiri, rangi ilipendeza, nyeupe kama mtindi, na kwenye vyuma vyake ungeweza kujitazama na kuchana nywele. Trifon akavaa tai, akaketi, akageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, basi.

Akabadilisha plagi. Akafungua kabureta, akaifunga, akaifungua tena. Fundi wa mtaa wa pili alipita, akasikiliza kidogo, akasema, "Mwalimu, umeme haufiki. Vuta waya mmoja mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri, liwake, uende zako."

"Waya mpya?" Trifon akamtazama kama aliyetukaniwa mama. "Zile ni waya za kiwandani! Nitakatwa alama!"

Fundi akanitazama, mimi nikainua mabega. Mjinga kapewa dawa mkononi, kaitema kwa sababu ya alama. Wiki tatu akabaki amelala chali chini ya gari na tochi mdomoni.

"Shoga, humhurumii?" Zlatina akaniuliza siku moja. "Mzee wa watu."

"Nimhurumie nini? Si ana vitabu?"

"Labda ni kitu kidogo tu."

"Kikiwa kidogo atakiona."

Zlatina akakoroga kahawa yake muda mrefu. Anainywa bila sukari, lakini siku hiyo sikuliwaza hilo.

Siku ya Mtakatifu Georgi mtaa mzima ulinukia mwanakondoo wa kuchoma. Mkaguzi, Bwana Hinkov, alikuja na ubao wake wa kuandikia, na majirani wakamfuata na bilauri zao. Sisi msafiri tunammwagia maji mbele ya njia ili safari yake iteleze. Nikaijaza ndoo ya shaba, nikachomeka tawi la maua ndani, nikaiweka getini palipo wazi. Sikuwa na nia ya kuyamwaga. Nilitaka watu wote wayaone yakikaa tu, mpaka yapate joto.

Bwana Hinkov akapima, akachungulia, akaandika alama nyingi. Kisha akasema, "Sasa liwashe, mwalimu. Lisipotembea sitii sahihi."

Trifon akageuza ufunguo. Kikohozi. Akageuza mara ya pili, ya tano, ya kumi. Mtu akasema tumfunge ng'ombe mbele, watu wakacheka. Trifon akaweka paji la uso kwenye usukani, na mabega yakaanza kutikisika.

"Nilitaka kulisikia tu," akasema. "Ndiyo sauti aliyokuwa akija nayo kaka."

Mtu wa miaka sabini na minne, kamasi zinamtoka mbele za watu kwa ajili ya bati! Nilifurahi, sitadanganya. Nilifurahi mpaka vidole vya miguu.

Hapo ndipo Zlatina alipoinuka kwenye benchi. Alizunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaketi kiubavu kwanza, kisha akavuta goti, jinsi mlango ule unavyotaka. Mkono wake ukaingia chini ya dashibodi. Hakuchungulia, hakupapasa. Mimi ilinichukua majira mazima kuujua ule mpindo wa pili.

Tki. Sauti hiyo niliisikia nikiwa getini.

"Washa, Trifon," akasema taratibu.

Gari likawaka. Watu wakapiga makofi, Bwana Hinkov akatia sahihi. Hakuna aliyeelewa kitu, isipokuwa Trifon. Alimtazama Zlatina, akanitazama mimi.

Nikaenda mpaka dirisha la gari, upande wa Zlatina.

"Alikuonyesha lini?"

"Stamena, shoga yangu..."

"Nimekuuliza lini."

"Zamani. Zamani sana."

"Alikwambia nini? Kwamba gari haliendi bila wewe?"

Zlatina akaziba mdomo kwa kiganja. Machozi yakampita juu ya vidole, na mimi nikawa nimeshajibiwa.

Trifon akashika ufunguo. "Shemeji, nalizima. Libaki kwako. Mimi silitaki tena."

"Libaki lifanye nini? Umeshinda, lichukue. Na huyu mpakie, njia zake zote anazijua."

Zlatina akashuka, akavuka barabara bila kugeuka, akaacha kushona kwake kwenye benchi. Nikainyanyua ndoo ya shaba. Niliyamwaga maji yote mbele ya magurudumu, mpaka tone la mwisho, ili gari lile liende vizuri, lifike mbali na lisirudi. Trifon akaliondoa polepole, akikanyaga maji yangu, na mara hii hakupotea.

Nikaingia gerejini nikakaa juu ya pipa la kabichi. Miezi saba nilikaa kwenye benchi lile nikimcheka mtu asiyeona kilicho mbele ya pua yake, na aliyekuwa akicheka pamoja nami, akinywa kahawa yangu, alikuwa Zlatina.