Hamsini ya Baba

Mnunuzi wa cherehani angefika alasiri. Mama alikuwa amekwisha kuipaka mafuta na kuifunika shuka, kama mtu anayemwandaa mtoto kwa safari. Kwamba macho yake yamechoka halikuwa jambo la kubishana tena. Tangu taa mpya ifungwe, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi ulimpotea kabisa, na wateja walirudisha suti zenye mishono iliyokwenda upande.

Bintiye, mkaguzi wa taa viwandani, alikuja kusaidia kuhamisha meza. Mlangoni pa chumba cha kushonea alihisi kuna kitu kimepungua. Hakuwa mtu wa kuamini hisia, kwa hiyo alitoa kipima mwanga chake mkobani, akakiweka mezani, pale sindano inaposhukia. Luksi hamsini na moja. Mwanga wa kupitia, si wa kushonea.

"Taa hii kafunga nani?"

Kaka yake akatokea jikoni na kikombe cha chai. Alijitetea kwamba alifuata agizo la marehemu baba yao neno kwa neno: juu ya meza ya mama yenu, hamsini, isipungue. Aliazima hata kipimo.

"Nikampa na moja ya nyongeza, Bi Vipimo. Unataka nini tena?"

Hamsini hiyo binti aliijua. Utotoni, kila balbu ilipobadilishwa, baba, fundi umeme, alimkalisha juu ya meza hii hii, akamshikisha kipimo chenye mshale, kisha akapanda ngazi na kushusha taa pete moja moja ya mnyororo. Ngapi, mkaguzi? Arobaini. Na sasa? Mshale ulipogusa hamsini, mama, aliyesubiri na kitambaa begani, alivuta kiti. Chumba kilinukia chaki na pasi ya moto.

Kipimo kile bado kilikuwa kwenye droo ya vifungo. Alifuta kioo chake. Chini ya mshale kuliandikwa mishumaa ya futi, yaani mwanga wa mshumaa mmoja kwenye kitu kilicho futi moja mbali nao. Baba alijifunza ufundi enzi za futi na inchi, na hakuhamia luksi.

"Mshumaa mmoja wa futi ni luksi kumi nukta saba sita," alimwambia kaka. "Hamsini ya baba ni luksi mia tano thelathini na nane. Yako haifiki hata sehemu ya kumi."

Kaka aliweka kikombe chini. "Na sisi tunamsingizia mama wa watu upofu."

Alimjibu kwamba huenda macho nayo yamezeeka, wangejua wakishapima. Kaka akaenda dukani, akarudi na balbu yenye nguvu, akapanda ngazi. Yeye alishika kipimo cha baba, si chake.

"Ngapi, mkaguzi?" kaka aliuliza kutoka juu.

Ilimbidi afute kioo tena, ingawa kilikuwa safi.

"Arobaini na sita. Shusha pete moja."

Mshale ukagusa hamsini. Mama alivuta kiti, akaondoa shuka, akachukua sindano na uzi mweusi. Mara ya kwanza uzi ulikosa tundu. Mara ya pili ukapita. Alitafuta kipande cha kitambaa cheusi, akaanza kushona.

Hodi ilipopigwa, hakuinua kichwa.

"Mwambieni cherehani haiuzwi," alisema. "Ila kama ana suruali ya kupunguza, alete."