Tangawizi ya Bi Afya

Mama alifariki Ijumaa, tukamzika Jumapili. Jumamosi ya katikati kikapu chake cha sokoni kilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na nyumba haikunukia kotimiri.

Wiki iliyofuata Baba alikitungua akaenda sokoni peke yake. Nilishukuru. Nikasema afadhali ananyoosha miguu kuliko kushinda akitazamana na ukuta. Soko lenyewe si mbali: kila Jumamosi wakulima huja na lori, wanapanga mazao kwenye maegesho ya magari nyuma ya posta, na mchana wanarudi kwao mashambani.

Kilichonichosha ni tangawizi. Kila Jumamosi Baba alirudi na tangawizi, na sisi hatuitumii. Ikajaa kwenye droo ya vijiko, ikajaa juu ya friji, nyingine ikaanza kuchipua. Halafu yakaja majani makavu yaliyofungwa kwenye gazeti, kisha chupa ya mafuta ya kuchua yenye harufu ya kuua mende.

"Baba, hivi vitu vya nini?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Kwani mtu akikupa kitu utakataa?"

Mtu anayekujibu swali kwa swali utamfanya nini? Jumamosi iliyofuata nilivaa viatu nikaenda naye. Alinuna njia nzima.

Hatujafika hata kwenye meza ya kwanza, Mama Nyanya akapaza sauti. Huyu ni mkulima ambaye Mama aligombana naye kila wiki na hakununua kwa mwingine.

"Shemeji! Bi Afya anaendeleaje na mguu?"

Bi Afya ndilo jina walilompa Mama pale, kwa sababu alikagua mboga kama mtu wa manispaa aliyekuja kufunga mgahawa. Kila nyanya aliinusa kwenye kikonyo kabla ya kuitia kikapuni.

"Hajambo kidogo," akajibu Baba, bila kunitazama.

Nilimkodolea macho.

"Mwambie aache kudeka. Nyanya zangu zimekosa wa kuzisema. Ile tangawizi anachemsha, au mnaitupa?"

"Anachemsha."

"Baba!"

"Huyu ndiye binti?" Mama Nyanya akacheka. "Mwone, hata kununa kanuna kama mama yake."

Nilimvuta Baba nyuma ya magunia ya viazi.

"Waambie."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Wiki ijayo. Leo wana wateja."

"Wiki ijayo hawatakuwa na wateja?"

Akajifanya anachagua viazi. Baba hajui kiazi kizuri wala kibaya.

Ndipo Mzee wa Mayai akatuita kutoka kwenye lori lake. "Shemeji, leo tukifunga tunapitia kwako. Mgonjwa gani huyu wa kutumiwa mizizi na majani kama mbuzi? Tunataka kumwona." Mama Nyanya alikwishaanza kuweka pembeni nyanya zake nzuri za kwenda nazo.

Baba aliweka kikapu chini. Alinitazama kama mtoto anayetaka mkubwa amsemee. Nilikuwa nimechoka naye. Nikamwachia mwenyewe.

"Hamtamkuta," akasema. "Tulishamzika."

Mama Nyanya alisimama na nyanya mkononi. "Lini?"

"Kabla ya tangawizi ya kwanza."

Alimvaa. "Wewe mwanamume wewe! Unatuacha tunacheka hapa, tunakuuliza mguu, mguu! Hatukumzika, hatukutoa hata pole, tunachimba tangawizi!" Alimsema mbele ya wateja wote, huku akijifuta macho kwa aproni yenye udongo.

Baba alingoja amalize.

"Nyumbani hakuna anayemuulizia," akasema. "Wote wanajua. Ni hapa tu nilikuwa naulizwa kama hajambo."

Nilikuwa bado nimemkasirikia. Nikaokota kikapu.

Mchana walikuja vilevile. Lori liliziba mtaa mzima, majirani wakapiga honi. Walikaa sebuleni na nyanya zao mapajani, mpaka Mama Nyanya alipoingia jikoni kutafuta maji, akaiona tangawizi imechipua juu ya friji, akaanza kumsema Baba upya.

Siku hizi tunakwenda wawili. Baba anachagua nyanya mwenyewe, moja moja, anazinusa kwenye kikonyo, na bado anarudi na zilizooza.