Sukari Kinywani mwa Mama

…isiyeyuke, Mungu wangu, isiyeyuke kabla hajaitoa, kidole chake cha shahada kilikuwa kimeshapita meno ya mbele, kidole gumba kimebana taya kwa nje, na Guylain aliihisi ile sukari chini ya ulimi wa mama yake, chembechembe kama mchanga, ikilainika, ikigeuka maji, ikitoroka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umemkamata kisogo huyu mwanamke aliyemzaa kama vile mtu anavyokamata kichwa cha mbuzi anayemnywesha dawa, tema, mama, tema, na mama hakutema, alimtazama tu, macho makubwa katika uso uliokwisha nyama, na wala hakuna aliyepiga kelele, hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba ilikuwa asubuhi kama asubuhi zote za mtaa wa Mabanga, pikipiki zikinguruma nje juu ya mawe ya volkano, jirani akimwaga maji ya kuoshea sahani, chai ikitoa moshi juu ya kiti cha mbao, na Charline, mdogo wake, amesimama mlangoni na kijiko mkononi, hajaingia wala hajatoka.

«Yaya Guylain, umuachilie mama.»

«Ni wewe ulimupatia?»

«Ni miye. Aliomba.»

Aliomba… hata kansere nayo inaomba, alitaka kusema, mdomo ni wa mama lakini anayeomba siye mama, ni lile dude lililoota kwenye ziwa la kushoto, ziwa alilonyonya yeye na Charline baada yake, lile ndilo linalotaka sukari, ndilo linalosema kwa sauti ya mama niko na njaa, mutoto wangu, niongezeeni kidogo, na yeye aliapa hatalilisha, aliapa kule Bunagana, mpakani, akiwa amesimama kando ya magunia yake mwenyewe akingoja lori lipite kwenye forodha, simu sikioni, sauti ya mtu asiyemjua iliyotumwa kutoka simu hadi simu mpaka ikamfikia, sauti tulivu, ya mtu aliyesoma, ikisema ndugu zangu, sukari ndiyo chakula cha kansere, mukikata sukari kansere inakufa na njaa, na Guylain aliisikiliza, akairudia, akairudia tena, halafu akageuka akayatazama magunia, na magunia yalikuwa ya sukari. Sukari tupu. Miaka yote ile tangu waondoke Butembo, sukari ya Uganda aliyoivusha yeye, kwenye malori, kwenye chukudu za mbao za kusukumwa, mgongoni, na kila safari akifika nyumbani jambo la kwanza ni kufungua mfuko mdogo mbele ya mama, wa nyumbani huu, mama, na mama anacheka, anachota, anajaza kikombe mpaka kijiko kinasimama, chai bila sukari ni maji ya kuoga, alikuwa akisema… kwa hiyo ni nani aliyemuua, niambieni, ni nani, kama si huyu mtoto mwema wa Mama Kahindo ambaye majirani wote walikuwa wakimsifu.

Akarudi siku ileile na gunia moja, yale mengine aliyaacha kulekule kwa bei yoyote, hilo moja alilileta makusudi, akaliburuta mpaka nyuma ya nyumba, akachukua panga, na hakulikata kama mtu anavyofungua mzigo, alilikata kama mtu anavyomkata mtu, tumboni, akashusha tena, akashusha tena, sukari ikamrukia usoni, ikaingia machoni, midomoni, tamu, akaitema, akaisukuma yote kwa miguu mpaka ikatumbukia kwenye shimo la choo, na mama alikuwa dirishani anamwangalia, kanga begani. Nyuki walikuja, sisimizi walikuja, kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kwenda chooni bila kuumwa, na yeye aliona hayo kama ushahidi, mnaona jinsi wadudu wanavyoikimbilia, basi na yule mdudu aliye ndani ya mama ni hivyohivyo. Halafu ikawa ndizi. Halafu viazi vitamu, halafu papai, halafu fufu, kwa sababu ile sauti ya simuni ilisema hata fufu tumboni inageuka sukari, halafu maharage kwa kuwa hakuwa na hakika nayo, ikabaki lenga-lenga, mchicha ule, iliyochemshwa bila mafuta na maji ya majani machungu ambayo mama aliyanywa amefumba macho, na kila alipotapika Guylain alifurahi, ee, alifurahi, inatoka, alisema, inatoka, na Jumapili moja aliporudi kutoka misa akamkuta Charline na kipande cha papai, mama anatafuna, juisi imemshuka kidevuni, alimpiga mdogo wake kofi lililomwangusha juu ya mbabula, jiko la makaa lenye moto, mkono wake wa kulia bado una alama mpaka leo, ndio huohuo ulioshika kijiko, na mama akasema kwa sauti ndogo, unipige miye, Guylain, miye ndiye nilikula.

Sasa meno ya mama yalikuwa yamegusa kidole chake, hayajauma, yamegusa tu, akaingiza kidole ndani zaidi, akakwangua, ukucha ukapita kwenye ufizi, mama akatoa sauti ya kooni, na sauti hiyo ilimkumbusha nyingine, hapana, asiikumbuke, ile ya chumba cha daktari, wakati Dokta Nshobole alipomnyanyua mama mkono ili aone kwapani na ngozi ikaning'inia kama nguo iliyoanikwa, Dokta Nshobole mwanamke mfupi wa upande wa Bukavu, mwenye kusema taratibu, aliyeuliza, nani anamunyima huyu mama chakula, na Guylain akajibu ni miye, akajibu kwa kifua mbele, akaeleza yote, sukari, mdudu, njaa, na daktari akamsikiliza mpaka mwisho, hakucheka, angecheka Guylain angempiga na kiti.

«Papa, sikiliza,» daktari alisema. «Kansere inakula sukari, ni kweli. Na moyo unakula sukari. Na ubongo. Na hizi vidole zako. Usipomupatia, mwili utaitengeneza yenyewe, utaikata mu nyama yake, ndiyo ile umeona imekwisha. Soda na bombo, zile pipi, umupunguzie, sawa. Lakini chakula, hapana. Namna hii alivyokonda, siwezi kumupatia dawa, dawa yenyewe itamuua.»

Alitoka mle bila kuaga, akimvuta mama kwa mkono, na njiani, mama nyuma ya pikipiki akiwa mwepesi kama kapu tupu, alikuwa akimchinja yule daktari kichwani mwake, taratibu, kwa kisu cha jikoni, amekula pesa za wauza dawa, amesoma vitabu vya wazungu, anajua nini, na usiku hakulala, angelala wapi mtu ambaye adui yake yuko ndani ya mama yake na hawezi kumfikia, laiti angetoka nje mara moja, asimame uwanjani, na panga liko hapa, laiti angekuwa na shingo…

Ndipo mama akauma.

Hakuuma kwa hasira, aliuma kama mtu anavyouma chakula, taya zote mbili, na maumivu yalipanda mkononi mpaka begani, yakawaka nyuma ya macho, Guylain akaiona damu yake ikitoka pembeni mwa midomo ya mama, nyekundu kwenye midomo iliyopauka, na ngumi ya kushoto ikajikunja yenyewe nyuma ya kisogo chake, ikapanda, angempiga, kwa pumzi moja nzima alikuwa mtu anayempiga mama yake mgonjwa, na Charline akasema kutoka mlangoni, bila kupaza sauti, kana kwamba anasema bei ya makaa:

«Unazani ni majani yako imemufikisha leo?»

«Unasema nini?»

«Ni miye niko namulisha. Kila siku ukitoka. Fufu, samaki, uji na sukari, ninapikia kwa jirani, Mama Ernestine, ili usisikie harufu. Zile siku ulishinda hapa ukimuchunga, ndizo zimemukondesha. Ningekusikiliza, tungekuwa tumeshamuzika.»

Na ngumi ikabaki juu. Uji… anapikia kwa Mama Ernestine… na yeye aliyekuwa akihesabu kila asubuhi mama aliyofungua macho kama ushindi wake, aliyepiga magoti na kushukuru kwamba majani yanafanya kazi, kumbe… na damu inaendelea kutoka, mama hajaachia, na katika yale maumivu ikamjia kitu ambacho hakukiita, ile Januari ya vita, barabara ya Sake ilipokatika na maharage hayakuja tena, wala viazi wala makaa, kisha risasi zikaingia mjini na wao watatu wakalala chini ya godoro, maji hakuna, umeme hakuna, na siku milio ilipopungua mama alitambaa akawasha moto akapika maharage ya mwisho, harufu ikajaa nyumba nzima, na kabla hayajaiva mlango ukafunguliwa kwa teke, wakaingia wenye bunduki, wala hakujua ni wa upande gani, walikula kutoka kwenye sufuria wakiwa wamesimama, kwa kutumia mwiko, wakipokezana, mmoja akaifuta sufuria kwa kidole, na kitu ambacho Guylain alikiona akiwa amelala chini, shavu kwenye sakafu, ni kwamba walikuwa wanene. Mashavu yao yaling'aa. Mtaa mzima ulikuwa na njaa, muzee Kataliko wa nyumba ya tatu alikufa kwenye mkeka wake bila hata mkwaruzo wa risasi, watoto walikuwa wanakula maganda, na wao waling'aa, kwa sababu barabara ikikatwa mwenye bunduki ndiye wa kwanza kula, hakuna asiyelijua hilo katika mji huu, hata mtoto, anachukua cha huyu, anachukua cha yule, wa mwisho kufa njaa ni yeye… na Guylain alijua basi, alijua hata kabla, maana juma lililopita alimwona Charline akimwogesha mama, mgongo wa mama umebaki mifupa, mikono imebaki mifupa, na lile vimbe kwenye ziwa halikupungua, lilikuwa limekaza, linang'aa, limeshiba, naye alifunga pazia haraka akajiambia bado, majani bado hayajafika.

Ni yeye aliyekata barabara. Si kansere, si daktari. Alitafuta shingo ya kukata akaipata, ilikuwa mkononi mwake wa kushoto mpaka ngumi ilipopanda, shingo hii nyembamba yenye mishipa miwili, na hakujua tena kama sukari ile ya Bunagana ndiyo iliyoleta ugonjwa au haikuleta, daktari hakusema hivyo, hakuna aliyesema hivyo ila yeye mwenyewe na sauti ya mtu asiye na uso, na pengine mama angekufa vilevile, pengine vimbe lingefanya litakalo, akala asile, lakini kufa ukiwa na njaa mikononi mwa mwanao, hilo halikuandikwa na ugonjwa. Ngumi ikafunguka. Haikumshukia mama, ilifunguka tu, ikarudi kisogoni, vidole vimetanda, ikabeba kichwa badala ya kukikamata, na kilikuwa chepesi, Bwana, kilikuwa chepesi. Charline hajasogea. Nje jirani anamwaga maji mengine. Kidole kimo kinywani bado, kinauma mpaka kwenye mfupa, na angeweza kukivuta, mama alikuwa ameanza kulegeza, lakini hakukivuta, kwa maana ndani ya maumivu yale aliisikia nguvu ya taya, nguvu kweli, ya mtu aliye hai, ambayo hakujua imebaki wapi katika mwili ule, na damu yake ilikuwa imechanganyika na sukari chini ya ulimi, na ile damu nayo ina sukari, daktari alisema, hata hizi vidole zako, hakuna mahali pa kuikimbilia, na mama akameza. Alihisi koo likipanda chini ya kiganja chake, likishuka, gumu, dogo, kama koo la ndege. «Umeze, mama,» alisema, au labda hakusema, midomo yake ilikuwa mikavu, «umeze yote,» na akabaki ameinama hivyohivyo juu yake, hapumui, akilingoja koo lipande tena.