Vidole vya Mkono wa Kushoto

Wateja walimwita kaka mtu Mfupa, kwa sababu ukiagiza kilo ya nyama kwake ulirudi nyumbani na nusu kilo ya mifupa. Mdogo wake walimwita Solo, kwa ajili ya gitaa. Bucha lilikuwa la kaka, na kwa maoni ya kaka hata Solo mwenyewe alikuwa mali yake, maana ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Alimlea kwa makofi. Solo alikuwa na ndevu, mke na mapacha, lakini akikata steki nene kidogo alizabwa kibao mbele ya wateja. Nao walitazama pembeni, wakachukua nyama yao, wakaenda zao.

Solo hakulalamika. Kitu kimoja tu alikitaka duniani, nacho ni muda wa kupiga gitaa lake. Hakutaka kuwa mwanamuziki. Alipenda tu, kama wengine wanavyopenda karata. Lakini muda aupate wapi? Alfajiri yuko machinjioni, jioni wateja wamejazana. Nyumbani mapacha wakilala, mwenye nyumba anagonga ukuta. Wakiamka, wanazing'ang'ania nyuzi.

"Baba mapacha," mkewe alimwambia, "hawa wawili wananitosha. Huyo wa tatu mpeleke kazini kwako."

Basi wa tatu akahamia stoo ya bucha, nyuma ya friji kubwa. Mchana, nyama ya asubuhi ikishakwisha na wateja wa jioni hawajaanza, palikuwa na kama saa nzima ambayo hata nzi walichoka. Kaka huwa mnadani akinunua ng'ombe. Solo alinawa damu mpaka viwikoni, akashusha mlango wa chuma nusu, akaingia stoo, akakaa juu ya gogo la kukatia nyama na kupiga.

Kuna kipande cha wimbo wake mwenyewe kilichomtesa kwa wiki nyingi. Kilitaka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kinyooke mpaka kwenye uzi mnene, vingine vikiwa vimebana chini. Hakikufika. Alikivuta, alikikanda kwa mafuta ya ng'ombe, alikitukana.

Siku hiyo kikafika. Alirudia, kikafika tena. Akafumba macho, akapiga mfululizo huku akicheka peke yake, raha imemjaa mpaka kooni. Hakusikia paka wakipenya chini ya mlango. Hakusikia gari la kaka.

Mfupa alikuwa amekanyagwa mguu na fahali mnadani, na fahali mwenyewe akanunuliwa na mtu mwingine. Akaingia akichechemea, akakuta paka wawili juu ya meza wanagombania maini yaliyoagizwa na hoteli. Akampiga mmoja teke kwa mguu wake uleule mbovu, na maumivu yakampanda hadi kichwani. Ndipo akaenda stoo.

Kofi la kwanza lilimwangusha Solo kutoka kwenye gogo. La pili lilimkuta akiinuka. Kaka akamkaba ukosi, akambamiza kwenye mlango wa friji mpaka komeo likamchana juu ya jicho.

"Nakulisha wewe, mke na watoto," akasema akihema, "na wewe unalisha paka."

"Kaka, niache nifute damu."

"Nitakufuta mimi."

Ngumi ilimpata mdomoni. Solo akatema jino, akalitazama sakafuni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akarudisha. Ilikuwa ngumi ya mtu anayebeba nusu ng'ombe begani kila alfajiri. Pua ya kaka ilivunjika. Wakakamatana, wakaangukia ndoo ya matumbo, wakagaagaa humo wakipigana viwiko na magoti. Ndugu wakigombana, walisema wahenga, chukua jembe ukalime. Fundi cherehani wa mlango wa pili alisikia kila kishindo, akazidi kukanyaga cherehani yake.

Kaka akawahi kusimama, akalitoa shoka la mifupa ukutani. Solo alidhani ni lake yeye. Lakini Mfupa aliliokota gitaa, akalilaza juu ya gogo jinsi anavyolaza paja la ng'ombe, akashusha shoka. Tumbo la gitaa likapasuka, na nyuzi zote zikalia kwa pamoja.

Mtu mwingine angekimbia, au angemdaka kaka mkono. Solo alifanya kile ambacho mkono wa mpiga gitaa hukifanya wenyewe nyuzi zikilia ovyo: alilaza vidole vya kushoto juu yake kuzinyamazisha. Shoka la pili lilikuwa limeshaanza kushuka.

Nyuzi zikanyamaza. Vidole vitatu vilibaki upande wa pili wa gogo.

Mfupa alimfunga mkono kwa aproni, akambeba mgongoni kuelekea hospitali, akikimbia na mguu wake mbovu huku analia kwa sauti.

"Mdogo wangu, kwa nini umeweka mkono?"

"Zilikuwa zinalia," Solo akasema.

Hospitalini askari aliuliza kilichotokea. Solo alimtazama kaka yake, akajibu kwamba ni ajali ya kazini. Muuza nyama kukatika vidole si habari, askari akaondoka. Kaka akapiga magoti kando ya kitanda.

"Chukua nusu ya bucha."

"Bucha sitaki. Nataka saa yangu ya mchana," Solo akasema. "Na mkono wako wa kushoto."

Kidonda kilipofunga, Solo alirudi. Mchana ulipotulia, kaka alishusha mlango mwenyewe, akaenda stoo, akaketi kando ya gogo, akalaza mkono wa kushoto juu yake na kufumba macho. Alisikia kitu kizito kikiwekwa mapajani. Lilikuwa gitaa, limeungwa kwa gundi na misumari, nyuzi mpya.

"Bonyeza," Solo akasema, mkono wake wa kulia tayari kwenye nyuzi.

Kaka akabonyeza. Nyuzi zilimkata, damu ikachirizika shingoni mwa gitaa. Solo akamshika kidole cha mwisho kwa viwili alivyobakiwa navyo, akakivuta kuelekea uzi mnene mpaka kifundo kikalia.

"Kitavunjika, mdogo wangu."

"Hakijafika," Solo akasema, akaendelea kuvuta.